Shingo Nyepesi za Kasimia

Mgeni anayefika Kasimia hutarajiwa aulize kwanza habari za sheria, maji ya kunywa baadaye. Eliwaza Mshana hakulijua hilo. Alikuwa mwanamke aliyekaa miaka ishirini na miwili katika ofisi ya kusajili silaha ya nchi yake, akipitia maombi ya watu wanaotaka bunduki na bastola, na serikali yake ilimtuma Kasimia akajifunze namna wenzao wanavyokasimu madaraka. Sifa za nchi ile zilikuwa zimeenea. Ilisemekana kwamba huko hakuna mkubwa aliyewahi kulemewa na kazi. Basi alipopokewa na Bwana Lukindo, afisa itifaki wa Idara ya Silaha, akaomba glasi ya maji, na Lukindo akamletea kwa uso wa mtu aliyekosewa heshima kidogo.

Alipomaliza kunywa akauliza kuhusu vibati. Maana kila aliyepita kwenye ukumbi ule wa mapokezi alikuwa na uzi mweusi shingoni, na kwenye uzi vibati vya shaba vyenye maandishi, wengine vitatu, wengine kumi na zaidi. Hapo uso wa Lukindo ukakunjuka.

Akamweleza kwamba Kasimia madaraka hayaachwi yakaelea hewani. Kila mamlaka ya serikali imeandikwa kwenye kibati, na kibati huning'inia kwenye shingo ya yule anayeitumia. Mkubwa akitaka kumkasimu mdogo wake, humwita mbele ya watu, huvua kibati, humvisha. Kuanzia dakika ile aliyevua hana neno tena juu ya jambo hilo, wala haulizwi. Kwa sababu hiyo cheo cha mtu hutambulika kwa wepesi wa shingo yake. Hata salamu yao ndiyo hiyo. Mtu husema, "Shingo nyepesi?" na mwenzake hujibu, "Nyepesi kabisa."

"Ukikutana na mtu mwenye shingo tupu," Lukindo alimwambia, "ujue umekutana na mtu mzito."

Alilisema bila kutabasamu, na Eliwaza akaliandika kwenye daftari lake vilevile.

Siku ya kwanza alipelekwa ghorofa ya saba kwa Kamishna Mkuu wa Silaha, Bwana Zahoro Mtengeti, mtu mrefu, mpole, aliyevaa shati lenye kola iliyo wazi ili shingo yake ionekane. Haikuwa na hata alama ya uzi. Kamishna alimwambia kwa fahari kwamba tangu aingie katika ofisi ile, mwaka wa kumi na nne sasa, hajamkubalia mtu silaha wala hajamkatalia mtu. Akanyoosha viganja vyake juu ya meza ili mgeni avitazame. Eliwaza akavitazama. Vilikuwa safi kweli.

Madaraka aliyojibakizia yalikuwa mawili, na vibati vyake alivihifadhi kwenye droo: kupiga risasi ya heshima siku ya sikukuu ya taifa, na kufungua semina.

Siku ya pili alihudhuria kikao cha Baraza la Silaha. Hoja ilikuwa iwapo afisa aliyekasimiwa mkono wa mkubwa wake wa kutia saini amekasimiwa na vidole pia. Wajumbe walisema kwa utulivu na kwa kunukuu vifungu. Baada ya saa sita waliazimia kwamba vidole vimo, ila kucha zisubiri ushauri wa mwanasheria. Watu wakapongezana. Lukindo alimnong'oneza Eliwaza kwamba nchi nyingine zingelimaliza jambo kama lile kwa pupa.

Siku ya tatu Eliwaza aliomba kumwona mtu anayefanya uamuzi wenyewe. Ombi hilo lilimshangaza Lukindo, lakini mgeni ni mgeni, akamteremsha. Ghorofa baada ya ghorofa shingo zilizidi kuwa nzito. Eliwaza akaanza kuona mpangilio ambao hakuna aliyemweleza. Madaraka ya kutoa leseni ya silaha yalikuwa yameishia ghorofa ya tano, kwa kuwa anayetoa hushukuriwa. Lakini madaraka ya kukataa, ya kufuta leseni na ya kutwaa silaha ya mtu hayakupata pa kusimama. Kila aliyevishwa aliyavua haraka na kumvisha wa chini yake, shingo kwa shingo, mpaka yakafika chini kabisa, kwenye chumba cha masijala nyuma ya ngazi, kwa karani aitwaye Bi. Mwamvita Shekoloa. Chini ya hapo hapakuwa na mtu wa kumvisha.

Alisikika kabla hajaonekana. Alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa katani, na kifuani mwake vilining'inia vibati arobaini na kimoja vilivyolia kila alipogeuka. Uzito wa vibati hivyo ulikuwa umemwinamisha. Hata alipoketi, kichwa chake kilitangulia mbele kama cha mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Shingo nyepesi, Bi. Mwamvita?" Lukindo alimsalimu, kwa mazoea tu.

"Nzito," alijibu, "lakini inabeba."

Lukindo alimwacha mgeni pale, akapanda juu kunywa chai. Wanawake wawili hawa walielewana upesi, maana kazi yao ilikuwa moja. Walizungumza habari za namba za bunduki zinazosuguliwa zisisomeke, za warithi wanaoficha bastola ya marehemu, za waombaji wanaosema wanaogopa nyani kumbe wanagombania shamba na ndugu zao. Bi. Mwamvita alimwonyesha rejista zake. Zilikuwa zimeandikwa kwa mwandiko mmoja wa miaka tisa, bila kufutwa hata neno. Eliwaza alikuwa ameona rejista za ofisi nyingi, na hakuwahi kuona nyingine nzuri kama zile.

Akamuuliza amekwisha kataa maombi mangapi.

Bi. Mwamvita hakuhitaji kufungua daftari. "Mia moja na saba," alisema. Kisha akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Wote walikuja kwa miguu, mdogo wangu. Waliokuja na dereva sijamkataa hata mmoja."

"Na kufuta leseni?"

"Hicho sijakitumia." Akakishika kibati kimoja kati ya vingine, kilichong'aa kuliko vyote kwa sababu hakikuwahi kuguswa ila kwa kitambaa. Mara mbili alikwisha waandikia wakubwa wake kuomba mwongozo, na mara zote mbili jibu lilirudi likiwa neno moja: *Umekasimiwa*.

Walikuwa hapo wakati mlango ulipogongwa, akaingia mwanamke aliyefunika kichwa kwa kanga iliyopauka kwa vumbi la njia. Aliitwa Sikitu, mkulima wa Mtaa wa Mferejini. Hiyo ilikuwa siku yake ya nne katika jengo lile. Alikuwa ameanzia ghorofa ya saba, na kila alipofika aliambiwa kwa adabu kubwa kwamba madaraka hayo hayapo hapa, yapo chini. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa amechoka tu, na alisimulia kisa chake kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.

Jirani yake alikuwa Mheshimiwa Chondoma, mjumbe wa Baraza la Silaha, mwenye bunduki mbili na bastola moja, zote za leseni. Mheshimiwa alitaka maji ya mfereji yaelekezwe kwake mchana kutwa. Sikitu alikuwa amekataa. Jumatatu jioni Mheshimiwa alisimama kwenye uzio wake akafyatua risasi. Risasi ilipita kwenye bati la jiko la Sikitu, ikatoboa pipa la maji. Mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa anaogeshwa kando ya pipa. Halafu Mheshimiwa akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba siku nyingine atalenga chini kidogo.

Bi. Mwamvita hakusema pole. Alimuuliza saa ngapi, ni nani mwingine alisikia, jua lilikuwa upande gani, na mtoto alikuwa ameketi au amesimama. Akaandika yote. Kisha akafunga rejista, akachukua kipimo cha fundi kutoka kwenye droo, akasema anakwenda kuona mwenyewe. Eliwaza akaomba kufuatana naye.

Walikwenda watatu. Huko Mferejini Bi. Mwamvita alipima tundu la bati na tundu la pipa, akapiga magoti mahali mtoto alipokuwa ameketi, akanyoosha kipimo kutoka pale kichwa chake kilipokuwa hadi pale risasi ilipopita. Ilikuwa upana wa kiganja kimoja. Majirani wawili walithibitisha maneno. Alibisha hodi kwenye lango la Mheshimiwa ili amsikilize naye, maana sheria inataka hivyo, na kutoka ndani akaletewa ujumbe kwamba Mheshimiwa hazungumzi na masijala.

Njiani kurudi Bi. Mwamvita alitangulia mpaka karibu na jengo. Ndipo aliposema, bila kumtazama Eliwaza, kwamba kwa miaka tisa alikuwa akijiambia kuwa yeye ni kigingi tu cha kutundikia vitu vya watu. "Kigingi hakiulizwi. Nilikuwa nalala vizuri."

Asubuhi yake aliandika hati ya kufuta leseni zote tatu za Mheshimiwa Chondoma, akatia sababu, vipimo na majina ya mashahidi, akataka silaha zikabidhiwe kabla ya alasiri. Mwishoni, mahali ambapo makarani wa Kasimia huandika "kwa niaba ya," alipiga mstari, akaandika jina lake. Eliwaza aliisoma hati ile mara mbili. Hakukuwa na neno la kuongeza wala la kupunguza, na alijikuta ameketi wima kwenye kiti chake, kama mtu aliyesikia ndugu yake akisifiwa mbele ya watu.

Kabla ya saa nne jengo zima lilikuwa limechafuka. Wajumbe wa Baraza waliitwa ukumbini. Bi. Mwamvita aliitwa. Hata Sikitu aliachiwa aingie, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka nani amekasimiwa kumzuia. Mheshimiwa Chondoma hakuja; alituma salamu kwamba anangoja kuombwa radhi.

Kamishna Mtengeti alizungumza kwa upole wake uleule. Alisema hakuna anayemlaumu Bi. Mwamvita, mtumishi wa siku nyingi. Ila kibati kile alivishwa kwa ajili ya utunzaji, si kwa ajili ya matumizi, na njia nyepesi ni kukirudisha juu ili jambo litazamwe upya na wenye upeo. Wajumbe wakaitikia. Bi. Mwamvita hakubisha. Aliinamisha kichwa, akaanza kuuvuta uzi.

Hapo mwanasheria wa Idara, mzee mkimya aliyekuwa akipekua kitabu tangu kikao kianze, akaomba radhi. Akasema ni kweli kibati kinaweza kurudi, ingawa hajawahi kuona mtu akiomba, na kwamba iko ibara inayoeleza namna. Akaisoma. Madaraka yaliyoshuka yatapanda kwa njia ileile, shingo kwa shingo, bila kuruka. Na kila shingo itakayoyapokea itatamka mbele ya watu itayatumiaje katika shauri lililopo, na tamko hilo litaandikwa kwa jina lake.

Kati ya masijala na Kamishna zilikuwepo shingo tano. Ya kwanza ilikuwa ya msimamizi wa masijala, Bwana Kigoda, mtu mnene mwenye haraka. Alisogea, akanyoosha mikono. Kisha mikono ikasimama.

"Nikisema nairudisha leseni," alimuuliza mwanasheria, "halafu akalenga chini kidogo?"

"Itakuwa imeandikwa."

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako."

"Na nikisema siirudishi?"

Mwanasheria akamtazama Kamishna, kisha akarudi kwenye kitabu. "Hilo nalo litaandikwa."

Bwana Kigoda akaiteremsha mikono, akasema ana mgongo unaomsumbua tangu masika, daktari amemkataza kubeba chuma. Akaketi. Wa pili, akijua kwamba hawezi kupokea kabla ya wa kwanza, alitangaza kwa sauti kubwa kwamba yeye angepokea mara moja lau njia ingekuwa wazi. Wa tatu na wa nne wakasema hivyohivyo. Wa tano, Mkurugenzi, alipendekeza kibati kiwekwe juu ya meza kwa muda, kisiwe kwa mtu, na hoja hiyo ilijadiliwa kwa nusu saa mpaka mwanasheria alipokumbusha kwamba meza haina shingo.

Mwishowe Kamishna, ambaye tangu Eliwaza amjue hakuwahi kupandisha sauti, aliipandisha kidogo. Akamwamuru Bwana Kigoda apokee.

Mwanasheria aliomba radhi kwa mara ya pili. Madaraka ya kuwaamuru watumishi, alisema, Mheshimiwa Kamishna aliyakasimu mwaka wake wa tatu kazini. Yameshuka. Akashuka pia yeye kutoka jukwaani, akamsogelea Bi. Mwamvita, akaomba ruhusa, akavichambua vibati vyake kimoja kimoja kama mtu anayechagua mchele. Akakipata. Kilikuwa cha ishirini na sita.

Hakuna aliyecheka. Eliwaza aliwatazama wakubwa wale wote na kola zao zilizo wazi, akaona jinsi shingo tupu inavyofanana na shingo ya kuku aliyenyonyolewa. Lilikuwa wazo lisilo la heshima, na hakuliandika kwenye daftari.

Bi. Mwamvita aliuachia uzi. Akanyoosha kichwa. Ilimchukua muda, maana mifupa ilikuwa imezoea vingine, lakini alikinyoosha mpaka macho yake yakawa sawa na ya watu waliosimama mbele yake, na baadhi yao waliona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na uso mzuri.

"Wakubwa zangu," alisema, "nilikuwa tayari kuvirudisha. Mmeona wenyewe. Sasa kwa kuwa hakuna anayevitaka, ni vyangu. Si vyenu mlivyoniazima, ni vyangu. Mama huyu amepanda na kushuka humu siku nne akitafuta mtu. Mtu ni mimi. Nilipaswa kuwa mimi tangu zamani, na wale mia moja na saba nao nitawaita, niwasome upya kama inavyostahili. Lakini leo nina kazi moja, na alasiri imekaribia. Naomba ruhusa." Hapo akawa kama anayekumbuka jambo. "Hapana. Ruhusa siombi. Nayo iko hapa." Akavigusa vibati, akageuka, vikalia.

Sikitu aliinuka, akamfuata. Eliwaza akamfuata. Walipofika mlangoni walimkuta Lukindo amesimama katikati ya njia, na Eliwaza akadhani amekuja kuwazuia. Afisa itifaki wa Kasimia ana mamlaka moja tu, ya kutangulia mbele ya wakubwa wa nchi na kuwafungulia njia. Lukindo alikuwa na jasho kwenye paji la uso. Alifunga vifungo vya koti lake, akageuka, akashika njia mbele ya Bi. Mwamvita kwa mwendo ule wa polepole aliofundishwa, akiwaambia waliokuwa kwenye ngazi, "Njia, tafadhali. Njia."

Walipita sokoni hivyo. Watu walioijua sauti ya vibati lakini hawakuwahi kumwona mwenyewe akiwa wima walisogea pembeni, na wengine, bila kuelewa habari, wakaanza kufuata.

Mheshimiwa Chondoma alikuwa barazani kwake, na kikombe mkononi. Alipomwona Lukindo alisimama kwa adabu, akidhani Kamishna yuko nyuma, na alikuwa angali amesimama hivyo, amejiandaa kupokea radhi yake, wakati Bi. Mwamvita alipopanda ngazi tatu za baraza na kumpa hati. Aliisoma. Akauliza imesainiwa kwa niaba ya nani.

"Isome chini," Bi. Mwamvita alimwambia.

Akaisoma chini. Akatazama uani, akawaona majirani wa Mferejini wamejaa hadi langoni, na Sikitu mbele yao amembeba mjukuu. Pengine alitafuta nani wa kumpigia simu, na akakumbuka kwamba kila mmoja wa rafiki zake ana shingo nyepesi. Aliingia ndani, akakaa huko muda ambao Eliwaza baadaye hakuweza kuukadiria. Aliona tu kwamba Bi. Mwamvita, aliyesimama hatua mbili mbele yake mkabala na mlango ule, hasogei.

Mheshimiwa alitoka na bunduki mbili na bastola. Bi. Mwamvita alizipokea moja moja, akatoa risasi, akachungulia mtutu, akasoma namba kwa sauti, akaandika. Alifanya hivyo bila haraka na bila madaha, kama alivyofanya kazi zake zote. Akachana stakabadhi, akampa. Mheshimiwa akaipokea kwa mikono miwili, kama mwananchi yeyote.

Kisha akatundika bunduki moja bega la kulia na nyingine bega la kushoto, bastola akaitia kwenye kikapu chake, juu ya kitambaa na kisanduku cha chakula. Watu wakampisha. Hawakupiga vigelegele; walimtazama tu jinsi watu wanavyomtazama mtu wao. Eliwaza alimfikia kando ya mfereji, na alipoona jinsi mikanda ya bunduki ilivyoukata mtandio wake na kugandamiza vibati kifuani, akamwomba ampe walau moja amsaidie kubeba mpaka ofisini.

Bi. Mwamvita alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Hizi, mdogo wangu," alisema, "sizikasimu."

Akaziweka sawa mabegani, akaendelea mbele, katikati ya barabara.